Kitabu Alichopewa Marehemu

Saveta alishuka ngazi asubuhi ile akiwa na kigoda mkononi, kisu mfukoni mwa aproni, na sentensi moja kinywani. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Aglaia, shoga yangu, naomba unirudishie kile kitabu cha bluu." Alikuwa ameisema mbele ya kioo, akaisema mbele ya birika, akaisema tena mbele ya picha ya Mama wa Mungu, na kila mara ilitoka vizuri. Lakini alipofika uani akawakuta wenzake wawili wamekwisha kuwasha moto, sentensi ikarudi tumboni ikajikunyata.

Ilikuwa mwisho wa Septemba, majira ya zakuska, rojo la mboga la kuweka akiba, na ua wote wa nyuma ya jengo ulinuka moshi na maganda yaliyoungua. Kila mlango wa ngazi ulikuwa na moto wake. Wanawake walichoma biringanya na pilipili hoho juu ya bati, wakazimenya zingali za moto, wakazisaga, kisha wakazipika na vitunguu, nyanya na mafuta ya alizeti mpaka jioni, ili wazijaze katika chupa za kuvukia baridi. Ni kazi inayoshughulisha mikono na kuuacha mdomo huru.

"Umechelewa," alisema Aglaia, bila kuinua macho. Alikuwa jirani aliyeishi ghorofa moja chini ya Saveta, mwembamba, mrefu, aliyeshona makoti kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, na ulimi wake bado ulikuwa na sindano. "Biringanya zimeungua zikikusubiri wewe."

"Mwache mwenzio," alisema Tinca, aliyekuwa mnene, mwepesi wa kucheka, na mjane mara mbili. "Mjane hana wa kumwandalia chai. Achelewe kwa raha zake. Mimi nilipofiwa na wa kwanza, mwezi mzima nililala mpaka saa nne."

"Na ulipofiwa na wa pili?"

"Wa pili alikuwa anakoroma. Kimya chake kikawa kinaniamsha."

Wakacheka. Saveta naye akacheka, akaketi, akachukua biringanya ya kwanza. Ganda lilitoka lote kwa mara moja, jepesi, na nyama ya ndani ikabaki uchi kwenye kiganja chake. Alisema moyoni, nitamwambia tukimaliza karai hili.

Kisa chenyewe kilianza Jumapili, aliporudi kanisani. Simu ililia, na sauti aliyoisikia ilimfanya aketi na koti lake mwilini. Alikuwa Lucian, mwanawe wa pekee, anayeishi Torino, Italia, na mkewe na binti yao.

"Mama, kile kitabu cha Baba bado kipo? Cha bluu, cha nahodha na barafu. Nataka kumsomea Miruna. Jumamosi nitapita huko, nitakichukua."

Naye Saveta, kwa furaha, hakufikiri. "Kipo, mwanangu. Kipo palepale."

Simu ilipokatika aligeuka akaitazama rafu. Palepale palikuwa na pengo.

Kitabu alikuwa amekitoa mwenyewe, siku ya arobaini ya mumewe Neculai. Alikuwa amepika ngano na sukari, ameoka mikate, na kila mgeni alimpa bakuli, taulo, mshumaa unaowaka, na kitu kimoja cha marehemu. Maana chochote kinachotolewa pamoja na mshumaa humfikia marehemu huko aliko, kikawa mkononi mwake. Koti la Neculai lilikwenda kwa mlinzi wa reli aliyefanya naye kazi, ili Neculai asipate baridi. Kikombe chake kilikwenda kwa Tinca, ili asipate kiu. Na kwa kuwa alipenda kusoma, na Saveta hakutaka akae huko mikono mitupu, kitabu cha bluu alimpa Aglaia. "Pokea, ni kwa ajili ya Neculai." Aglaia akajibu kama inavyojibiwa: "Mungu amrehemu." Baada ya maneno hayo kitu hakirudi. Hata anayeibiwa anaweza kudai chake. Aliyetoa sadaka ya marehemu hawezi.

Lakini Saveta alisahau kwamba kitabu kile kilikuwa cha watu wawili. Miaka ile umeme ulipokuwa unakatwa kila jioni, Neculai alirudi kutoka reli, akawasha kandili, akamfunika mtoto kwa mablanketi mawili, akamsomea habari za nahodha ambaye meli yake ilikamatwa na barafu, yeye na mabaharia wake na mbwa mwenye sikio moja. Kikiisha, walianza upya. Ndivyo walivyokaa, baba na mwana, mpaka mwana akakua akamwoa mwanamke aliyeachana na mume wa kwanza. Neculai alisimama jikoni akasema, "Humu usitie mguu tena." Lucian hakumtazama baba yake. Alimtazama mama yake, akangoja neno. Saveta alikuwa anakoroga sufuria. Akaendelea kukoroga.

Baba alipokufa, majira ya kuchipua, Lucian alikuja. Alisimama nyuma kabisa kanisani, kati ya watu asiowajua, na kutoka makaburini akaenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Katika miaka yote hiyo kitabu kilikuwa kitu cha kwanza alichomwomba mama yake. Akikikosa, Saveta alijua, hataomba cha pili.

"Saveta, umelala?" Tinca alimgonga goti. "Nimekuuliza, unasoma nini siku hizi?"

"Zaburi."

"Zaburi kila siku?"

"Kwa nyingine siku moja haitoshi. Hamsini na moja nimekaa nayo wiki nzima."

"Mimi nasoma kalenda ya kanisa," alisema Tinca. "Msinicheke! Maneno machache, na kila siku kuna jambo jipya. Leo kufunga. Kesho mafuta yameruhusiwa. Mpaka nifike Krismasi nimejawa na wasiwasi: je, samaki wataruhusiwa au hawataruhusiwa?"

"Na mwisho wake unaujua," alisema Aglaia. "Watu wanakula nguruwe. Mimi nataka kitabu ambacho mtu anakufa ukurasa wa kwanza."

"Ndiyo maana tunakupa kisu butu."

"Nataka maiti iwe ya tajiri, na mkwe awe ameonekana bustanini."

"Mkwe! Usinitajie mkwe." Tinca alitupa ganda motoni. "Huyu wangu akiingia chooni na simu yake, hatoki. Asubuhi tunapanga foleni kama zamani kwenye duka la nyama. Nikagonga nikamwambia, mwanangu, kama kuna nyama humo utugawie."

Aglaia alicheka mpaka akapangusa macho kwa kiwiko. Saveta aliona sasa ndiyo nafasi, mtu akicheka moyo wake uko wazi. Akafungua mdomo. Lakini Tinca alikuwa amekwisha kushika njia nyingine.

"Halafu mmesikia ya Varvara wa mlango wa tatu? Alimpa jirani sufuria, sadaka ya mama yake. Sufuria nzuri, ya shaba. Baada ya Pasaka akaihitaji kwa kupika jemu, akaenda akaidai. Akapewa. Usiku uleule anamwota mama yake amesimama jikoni, supu ameishika kwa viganja, inamvujia kati ya vidole. Anamwambia, 'Varvara, mwanangu, sasa nile kwa chombo gani?'"

"Ungekula kidogo jioni na wewe ungeota kidogo," alisema Aglaia.

"Ndoto si yangu, ya Varvara!"

"Hata hivyo." Aglaia aligeuza pilipili juu ya bati. "Mimi nisingethubutu. Mate ukishayatema huyalambi."

Saveta akafunga mdomo. Moshi ulimjia machoni, naye hakusogea. Aliomba kimoyomoyo, Bwana, nionyeshe mlango, hata kama ni mwembamba. Huwa tunaomba mlango huku mkono mmoja tayari uko dirishani.

"Basi niwaambie na mimi," alisema Aglaia, na sauti yake ikabadilika. "Costache amecheka."

Visu vikasimama. Costache, mumewe, alipigwa na kiharusi majira ya baridi yaliyopita. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yalikwenda nao. Tangu hapo alilala akitazama ukuta, na hata Aglaia mwenyewe hakujua kama alikuwa anasikia.

"Amecheka vipi?" aliuliza Tinca.

"Kucheka! Kwa koo. Nilikuwa nimejaribu kumsomea gazeti, akageuka ukutani. Nikamsomea za kwangu za mauaji, akalia, nikaacha. Halafu nikachukua kile cha Neculai, kile cha barafu, kwa kuwa maandishi yake ni makubwa. Tukafika pale mbwa anapoiba soksi ya nahodha. Nikasikia sauti. Nilidhani anakabwa, nikamwinua. Kumbe anacheka, Saveta! Sasa saa mbili ya usiku ikikaribia ananigongea ubao wa kitanda kwa mkono ule mzima. Nikichelewa anagonga kama polisi." Alimgeukia Saveta, na macho yake, ambayo hayakuwa mepesi kulia, yalikuwa yamelowa. "Nilitaka kukwambia asante, sikujua nianzie wapi. Neculai huko aliko anatusaidia."

"Mungu amrehemu," alisema Tinca, akajifanyia ishara ya msalaba kwa mkono wenye kisu.

Saveta alipaswa kusema vilevile. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe, laini, kama ya mtu anayeomba chumvi: "Aglaia, niazime kwa siku chache."

"Nini?"

"Kitabu. Nataka kukishika tu. Nimemkumbuka."

Huo haukuwa mlango alioomba. Lakini ulifunguka kwa urahisi wa ajabu. Aglaia alimtazama kidogo, akafuta mikono.

"Siku chache? Costache atavunja kitanda." Kisha akapumua. "Lakini wewe ndiye mjane. Mimi nani nikunyime?"

"Kuazima si kudai," alisema Tinca, kama aliyesoma sheria hiyo kwenye kalenda yake. "Marehemu hawezi kukasirika."

Aglaia akapanda mwenyewe, kwa magoti yake mabovu, maana lifti ilikuwa mbovu tena, akakileta kimefungwa kwa taulo safi kisije kikashika mafuta. Taulo lilikuwa lile la arobaini.

Zakuska iliiva vizuri mwaka ule. Waligawana chupa, wakabusiana mashavuni, kila mmoja akaenda kwake. Saveta alikiweka kitabu mezani bila kukifunua taulo. Alikuwa amepata alichotaka.

Ilipofika saa mbili, chini yake kugonga kulianza.

Mwanzoni kulikuwa kwa polepole: ko, ko, ko. Sauti ilipanda kwa mabomba ya kupashia joto, ikaingia chumbani kana kwamba ubao ulikuwa chini ya kitanda chake mwenyewe. Kisha alisikia Aglaia akizungumza, haraka haraka, akipandisha na kushusha sauti. Alikuwa anajaribu kumsimulia kwa mdomo. Kugonga kukaendelea juu ya maneno yake. Aglaia akanyamaza, akaanza tena mahali pengine. Ko, ko, ko. Mwishowe kugonga kukakoma, na kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kugonga.

Saveta alichukua Zaburi yake. Alisoma mstari mmoja, akausoma tena. Macho yalipita juu ya maneno kama miguu juu ya barafu, hayakushika. Alipokuwa anajitahidi hivyo aligundua kwamba nyuma ya sala akili yake ilikuwa inafanya kazi nyingine, kwa ustadi mkubwa. Ilikuwa inatunga. Jumapili nitamwambia Aglaia kimepotea. Hapana, nitasema Lucian alikichukua bila kuniuliza, mtoto mkorofi, unamjua. Hata uso wa kusemea maneno hayo alikuwa ameshauandaa.

Akafunga Zaburi. Akaitazama picha ya Mama wa Mungu, taa ndogo ikiwaka mbele yake. Hakusikia sauti yoyote kutoka pale, na hakuwa mtu wa kudai kusikia. Lakini alijua wazi alichokuwa anakifanya, na alijua pia kwamba hakuweza tena kujifanya hajui. Labda hilo lenyewe ndilo jibu alilopewa.

Alichukua kitabu na taulo lake akashuka.

Aglaia alifungua mlango nusu. Uso wake ulikuwa umechoka. "Umekimaliza mara hii?"

"Nilikudanganya," alisema Saveta. "Sikutaka kukiazima. Lucian anakuja Jumamosi kukichukua, akipeleke Italia. Nilimwambia kipo."

Aglaia hakuelewa upesi, kisha akaelewa. "Kwa hiyo kisingerudi."

"Kisingerudi."

"Na mimi ningekaa hapa nikingoje. Na huyu akigonga."

"Ndiyo."

"Ungeniomba waziwazi, Saveta! Ungesema, mwanangu anakuja, nisaidie, ningekutukana, ningelia, halafu labda ningekupa. Lakini kuniangalia usoni uniambie umemkumbuka mumeo!" Alikuwa ananong'ona kwa ajili ya mgonjwa, na mnong'ono wake ulikuwa mkali kuliko kelele. "Mimi niliyekesha nawe na maiti yake ndani. Mimi niliyekulisha kwa kijiko."

"Najua."

"Hujui." Akakichukua kitabu mkononi mwake, taulo akamwachia, akafunga mlango.

Saveta alipanda taratibu, akishika ukuta. Ilibaki kazi moja, nayo alijua akiiacha mpaka kesho hataifanya. Akapiga simu Torino. Aliposikia sauti ya mwanawe alisema yote kwa mfululizo, bila kupumua: kwamba kitabu hakipo kwake, kwamba alikitoa siku ya arobaini, kwamba Jumapili alimdanganya, kwamba chini kuna mgonjwa.

Saveta alisikia mtoto wa kike akiimba kwa Kiitaliano mahali fulani ndani ya nyumba ile ambayo hajawahi kuiona.

"Umekitoa," alisema Lucian.

"Kwa ajili ya roho ya baba yako."

"Hukufikiri kuniuliza."

"Sikufikiri."

"Siku zote kuna mtu anapewa kabla yangu, Mama. Siku ile ulikuwa na sufuria ya kukoroga. Sasa una jirani."

Saveta alikuwa na majibu. Alikuwa nayo kwa miaka: kwamba alimwogopa Neculai, kwamba alidhani hasira ingepoa, kwamba mwanamke hasemi juu ya neno la mumewe mbele ya mtoto. Yote yalikuja mpaka kwenye meno. Akayameza.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa na mdomo, sikuutumia."

Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Uje tu, mwanangu. Sina kitu cha kukupa, lakini uje."

"Sijui," alisema, na simu ikakatika.

Alhamisi na Ijumaa Aglaia alipita ngazini mara kadhaa, na kila mara aliutazama ufunguo wake. Tinca, aliyekuwa amekwisha kusikia, alikuja na mkate wa jibini akakaa kidogo. "Atakununia mpaka Krismasi," alisema, "halafu atakuja kukuambia anavyokununia. Vumilia." Saveta aliitikia. Jumamosi alipika kabichi za kuviringishwa zenye nyama na wali, sufuria kubwa kana kwamba anangoja watu kumi, akakaa dirishani. Mchana ukapita. Chakula kikapoa, akakipasha, kikapoa tena. Alikuwa ameshaacha kutazama nje, amejilaza na viatu vyake, mlango ulipogongwa.

Lucian alikuwa na mvi. Hilo hakuliona makaburini, au hakutaka kuliona. "Nabusu mkono, Mama," alisema, kama kila mtu anavyowasalimu wanawake wazima katika mji ule, lakini mkono hakuushika. Alikuwa peke yake, na begi dogo begani.

"Umekuja."

"Tiketi nilikuwa nimeshanunua." Alitazama nyuma yake, ngazini. "Ghorofa ya chini, ulisema?"

"Hutakula kwanza?"

"Nataka kukiona tu."

Wakashuka, yeye mbele, mama nyuma. Aglaia alifungua, na macho yake yakampita Saveta kama anavyopitwa mwenye deni barabarani, yakatua kwa mwanawe.

"Nabusu mkono, shangazi Aglaia."

"Wewe ndiye Lucian. Uliyekuwa unavunja taa za ngazi kwa mpira."

"Moja tu, shangazi."

"Tatu! Nilizibadilisha mwenyewe. Vua viatu uingie." Hakumwambia Saveta aingie, lakini mlango hakuufunga.

Chumba kilinuka dawa na mafuta ya kafuri. Costache alikuwa ameinuliwa kwa mito, mkono wake mzima umekaa juu ya ubao, tayari. Saa mbili ilikuwa imekaribia. Aglaia alikichukua kitabu kutoka kwenye kiti akamkabidhi Lucian, kwa mikono miwili, akarudi hatua moja.

"Hicho hapo. Kama unakitaka, kichukue. Lakini umwambie huyu, si mimi."

Lucian alikigeuza. Alilipapasa jalada lililochakaa, akafungua katikati, akainusa karatasi kama anusavyo mtu mkate. Kisha akainua macho akakutana na ya Costache. Kidole kimoja cha mgonjwa kikagonga ubao, mara moja, kwa adabu.

"Mmefika wapi?" aliuliza Lucian, akakirudisha.

"Wanakata mlingoti wapate kuni. Kaa pale."

Aglaia akavaa miwani akasoma. Alisoma vibaya kidogo, kama fundi anayepima kitambaa, kila neno kwa urefu wake. Meli ililia katika barafu. Mabaharia walipiga shoka. Aliposema kwamba usiku ulishuka na nahodha akahesabu watu wake, Lucian aliyekuwa ameinamisha kichwa akabweka.

Alibweka kweli, kwa sauti nene, mara mbili.

Aglaia alishtuka, kitabu nusura kimdondoke. "Una wazimu?"

"Hapo hubwekwa, shangazi."

"Haikuandikwa."

"Haikuandikwa. Lakini Baba alikuwa anabweka. Nahodha anahesabu, na mbwa anaitika, ili naye ahesabiwe."

Mkono wa Costache ukaanza kugonga kwa nguvu, na Saveta pale mlangoni akadhani amekasirika, amechukizwa na mgeni. Kisha ikaja ile sauti ya koo, ya kukwaruza, ambayo alikuwa ameisikia kwa kusimuliwa tu. Aglaia akamtazama mumewe, akamtazama Lucian.

"Haya, rudia. Anataka tena."

Lucian akarudia, lakini mara hii sauti ilikatika njiani, naye akajifunika uso kwa kiganja, akakaa hivyo. Aglaia hakumgusa. Alitafuta mstari wake kwa kidole akaendelea kusoma, polepole zaidi.

Saveta alisimama akiegemea mwimo, maana hakuna aliyempa kigoda. Neculai alikuwa anabweka. Jioni zile zote, yeye akiwa jikoni kwenye mshumaa wake, akiosha vyombo kwa maji baridi, mumewe, mtu mgumu aliyepima maneno kama sukari ya mgao, alikuwa chumba cha pili anabweka kama mbwa ili mtoto wake acheke. Hakuwahi kumsikia. Au alisikia akadhani ni mbwa wa uani. Alikuwa ametoa sadaka kitu asichokijua.

Sura ilipokwisha Aglaia alivua miwani. Costache alikuwa amefumba macho, lakini mkono ulikuwa umefunguka juu ya blanketi.

"Kesho pia mnasoma?" aliuliza Lucian. Alimuuliza Aglaia.

"Kila siku, labda awe na homa. Ndege yako lini?"

"Jumatatu."

Jumatatu! Saveta alikuwa ameambiwa anapita tu. Aglaia naye alilisikia, akageuza kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akamwangalia usoni. Hasira ilikuwa bado ipo, imekaa mahali pake, haikuwa na haraka.

"Sasa huyu atalala wapi?" aliuliza.

Saveta alimtazama mwanawe. Lucian alikuwa amekichukua tena kitabu akakiinamia, anatafuta ukurasa waliofikia, kana kwamba swali lilikuwa la watu wengine. Begi lake bado lilikuwa begani.

"Sijui," alisema Saveta. "Ila kitanda kipo."

Aliwaacha pale, akapanda ngazi akishika ukuta, akatoa shuka safi kabatini, zile za kitani, akaenda kukitandika, na alipokuwa anaivuta pembe ya mwisho alisimama akasikiliza kama kuna nyayo.